Ni Nani Ashikaye Daftari?



Mwisho wa kila mwezi mwuguzi wa kituo cha afya hufungua daftari lake na kujumlisha: watoto waliopimwa ni wangapi, waliokonda ni wangapi, waliougua malaria, surua na kuhara ni wangapi, na waliokufa ni wangapi. Hesabu hiyo huenda kwenye ofisi ya zone ya afya ya Mitwaba, kisha Lubumbashi, kisha Kinshasa. Kijijini ilikotoka, mara nyingi hairudi.

Huenda mtu akasema: “Hayo ni mambo ya waganga; sisi wakulima yatuhusu nini?” Twajibu kwamba yatuhusu sana. Historia ya nchi yetu na ya jirani zetu yaonyesha kwamba ashikaye hesabu ya wenye njaa ndiye aamuaye watakula nini. Akiishika mgeni peke yake, ataleta chakula anachokijua yeye. Wakiishika wanakijiji pamoja na mwuguzi wao, watatazama kwanza shamba lao, mto wao na ghala lao. Basi tuyatazame mambo hayo moja moja, tuone yalivyokuwa.

1. Kuhesabiwa kwa ajili ya kazi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa mwaka 1910. Watu wa kazi walitolewa vijijini, wengine kutoka mbali sana. Katika miaka ile ya kwanza wengi walikufa kambini kwa magonjwa ya kifua na ya tumbo, kwani walilala vibaya na kula vibaya.

Karibu na mwaka 1926 kampuni ilianza kubadili desturi yake. Wafanyakazi waliruhusiwa kukaa kambini miaka mingi pamoja na wake zao na watoto. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni, alisimamia sana mpango huo. Posho ilipimwa kwa uangalifu, wafanyakazi walichunguzwa na waganga, na masista waliwapima watoto wachanga na kuwafundisha mama zao. Vifo vikapungua sana. Tusiukatae wema huo, kwa maana watoto wengi walipona.

Lakini tuulize: kusudi la hesabu ile lilikuwa nini? Lilikuwa kupata watu wenye nguvu za kuchimba shaba, na watoto watakaochimba kesho. Unga wa posho mwingi ulitoka Rhodesia kwa gari la moshi. Huko vijijini nako, tangu mwaka 1917, kulikuwa na sheria ya kilimo cha lazima. Mkulima aliambiwa alime nini na kiasi gani, siku 60 kwa mwaka; wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Mwenye shamba hakuulizwa jamaa yake yahitaji chakula gani.

Wala mwenye kula posho hakuulizwa. Bei za vitu zilipopanda wakati wa vita, wafanyakazi wa Élisabethville waligoma mnamo Desemba 1941, wakidai mshahara utakaowatosha. Walijibiwa kwa risasi, na makumi ya watu wakafa. Kampuni iliyajua mambo ya miili yao, ila neno la vinywa vyao haikulisikiliza.

Mambo hayo yameacha alama mbili hata leo. Ya kwanza, jiji la Lubumbashi lilizoea kula bukari la unga wa ng’ambo ya mpaka. Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, bei hupanda mara moja sokoni. Ya pili, wazee wetu walijifunza kuogopa daftari. Kwao, mtu mwenye kalamu aliyefika kijijini alikuja kwa ajili ya kodi ya kichwa, au kutafuta watu wa kazi. Hata sasa wako wanaoficha idadi ya watoto wao mbele ya mwenye kuhesabu. Tusiwacheke, walikuwa na sababu.

2. Karata iliyokaa mikononi mwa mama

Katika miaka ya 1950 Mwingereza mmoja, Daktari David Morley, alifanya kazi katika hospitali ya misioni huko Ilesha, Nigeria, na katika kijiji cha Imesi-Ile. Aliona kwamba watoto wengi walifikishwa hospitalini wakiwa wamekwisha kudhoofika. Basi akatengeneza karata yenye mistari. Mtoto akipimwa uzito, nukta iliandikwa mahali pake. Miezi ikipita, nukta zikiungwa zilifanya njia. Njia ikipanda, mtoto anakua. Ikilala, kuna jambo. Ikishuka, kuna hatari.

Tuliangalie neno moja hasa. Karata ile haikufungiwa kabatini kwa mganga. Ilikaa nyumbani kwa mama. Mama asiyejua kusoma aliweza kuona njia ikilala, naye akauliza sababu kabla mtoto hajawa mgonjwa kabisa. Karata za namna hiyo zilienea duniani pote, na hata kwetu Kongo akina mama wanazijua.

3. Vijiji vya Iringa

Twende sasa Tanzania. Mkoa wa Iringa wajulikana kwa mahindi yake mengi, yanayolisha hata mikoa mingine. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya watoto wadogo wa vijiji vilivyopimwa walikuwa na uzito pungufu. Ni ajabu, sivyo? Mahindi ghalani, na mtoto amekonda.

Kuanzia mwaka 1983, serikali ya Tanzania, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na kwa fedha za Italia, ilianzisha kazi katika vijiji 168 vya mkoa huo. Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku yake ya afya. Watoto wote walio chini ya miaka mitano walipimwa uzito mbele ya wazazi. Kisha hesabu haikukimbizwa mjini. Kwanza ilijadiliwa palepale na kamati ya afya na halmashauri ya kijiji: wangapi wamekonda, ni wa upande gani, wamekonda kwa nini, nasi tuna nini mkononi cha kuwasaidia? Mtoto akifa, kifo chake nacho kilizungumzwa, wapate kujua chanzo chake. Baada ya miezi mitatu walipima tena, waone kama shauri lao lilifaa.

Walipotafuta sababu, waligundua kwamba mara nyingi chakula hakikukosekana. Mama alishinda shambani, na mtoto alikula mara mbili tu kwa siku. Tena uji wake ulikuwa wa maji, kwani mzito hakuweza kuumeza. Tumbo lake dogo lilijaa kabla hajapata nguvu ya kutosha. Basi vijiji vikaweka mahali pa kuwalea na kuwalisha watoto mchana, kwa chakula cha kijiji chenyewe.

Nao wakakumbuka kitu cha zamani, yaani kimea. Ulezi huloweshwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa. Unga wake kidogo tu ukitiwa katika uji mzito, uji hulainika bila kuongezwa maji. Hivyo kikombe kilekile chamletea mtoto chakula kingi zaidi. Bibi zetu hapa Katanga wanajua kuchipuza nafaka kwa ajili ya pombe. Ujuzi huohuo huko Iringa uliponya watoto, wala haukununuliwa dukani.

Baada ya miaka mitano hivi, watoto wenye uzito pungufu walipungua hata wakawa chini ya 4 katika kila 10. Na wale waliokonda vibaya sana, waliokuwa kama 6 katika kila 100, wakabaki kama 2. Mzani peke yake haulishi mtu. Waliowalisha watoto ni wanakijiji, lakini mzani ndio uliowaonyesha mahali pa kuanzia.

4. Ugonjwa wa miguu iliyofungwa

Habari nyingine ni ya nchi yetu wenyewe, upande wa Kwango, mbali na hapa kuelekea magharibi. Mwaka 1938 Daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu aliyelala mzima huamka asubuhi miguu imekakamaa, asiweze kutembea vema tena maisha yake yote. Wengi wao ni watoto na akina mama. Kwa miaka mingi chanzo chake hakikujulikana.

Mwaka 1981 ugonjwa wa namna hiyohiyo ulizuka Nampula, kaskazini ya Msumbiji, wakati wa ukame mkubwa. Watu zaidi ya 1,000 walipatwa. Daktari Msweden, Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi huko, alishirikiana na wenzake kwenda kijiji kwa kijiji, wakihesabu wagonjwa na kuuliza watu walikula nini na walikitayarisha vipi. Hesabu hiyo ikaelekeza kwenye muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu, na wakati wa ukame sumu huzidi. Desturi ya wazee ya kuuloweka na kuukausha huitoa sumu hiyo. Lakini mwenye njaa hana subira. Hupunguza siku, na asipopata maharagwe au samaki, mwili wake hukosa cha kuushindia uchungu ule.

Baadaye waganga wa Kongo na wa Sweden, kati yao Daktari Jean-Pierre Banea, walipochunguza upande wa Bandundu, waliona jambo la kusikitisha. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuwa imeleta wafanya biashara wenye kutaka muhogo upesi. Mama aliyezoea kuloweka siku tatu akaanza kuloweka siku moja, apate kuuza. Hivyo uchu wa soko uliiharibu hekima ya jikoni, na miguu ya watoto ikalipa deni.

Sasa, wasomaji, mgeni asiye na subira angalisema: “Acheni muhogo, chakula hiki ni kibaya.” Nao watu wangalikula nini? Lakini kwa kuwa hesabu ilifanywa vizuri, ilijulikana kwamba kosa si la muhogo, ni la kupunguza siku. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Australia, Howard Bradbury, alibuni njia rahisi ya kuongezea ile ya zamani: unga wa muhogo hutiwa maji, huchanganywa, kisha huanikwa ukiwa tabaka nyembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini; sumu iliyobaki hutoka kwa hewa. Akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, walifundishwa njia hiyo tangu mwaka 2010, wakafundishana wao kwa wao. Katika muda wote wa kazi hiyo hakutokea mgonjwa mpya wa konzo kijijini. Muhogo wao ulibaki muhogo wao, na watoto wakatembea.

5. Mitwaba yetu

Yatupasa sasa kuyatazama ya kwetu. Nchi ya Mitwaba haikuumbwa kuwa nchi ya njaa. Mvua yanyesha kwa majira yake, muhogo na mahindi vyaota, mito ina samaki, na msitu wa miombo hutoa uyoga, asali na viwavi vya kula. Lakini chakula cha mtu hutaka amani, na hiyo ndiyo tuliyokosa.

Katika miaka ile ya vita ya Mai-Mai, nchi iliyo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto iliitwa pembetatu ya mauti. Vijiji vilichomwa, mashamba yakaachwa. Mwisho wa mwaka 2005 na mwanzo wa 2006, zaidi ya watu laki moja walikuwa wakikimbia katika pembetatu hiyo, na wengi walifika Mitwaba centre mikono mitupu. Waganga wa MSF walikuja kuwatibu. Mwezi wa Mei 2006 kiongozi wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha hapa Mitwaba. Lakini mwaka 2011 alitoroka gerezani Lubumbashi, na vijiji vikakimbia tena. Akajisalimisha mara ya pili mwaka 2016.

Wakati wa namna hiyo, hesabu ya waliokonda huokoa maisha. Mkono wa mtoto hupimwa kwa utepe: ukiwa chini ya milimita 115, utepe huonyesha wekundu, na mtoto hupewa upesi dawa na chakula cha paketi, kile cha karanga na maziwa kilichobuniwa mwaka 1996 na Mfaransa, Daktari André Briend. Mtu asikidharau chakula hicho. Kimewatoa wengi kaburini.

Hata hivyo paketi ni ya kumwinua aliyeanguka, si ya kulisha nchi. Gunia la msaada likija, hesabu husomwa. Gunia likiisha, hesabu husahauliwa. Mkulima anayerudi kwenye kijiji kilichochomwa hana haja na gunia tu. Ataka jembe, ataka mbegu ya mahindi na karanga, ataka vijiti vya muhogo visivyo na ugonjwa. Hivyo havipatikani ila kwa kuonyesha wazi: hapa palipungua hiki, mwezi huu, katika nyumba ngapi. Na siku hizi vijana wengi huacha shamba kwenda kuchimba madini. Fedha ya machimbo hupatikana leo na kuisha leo. Njia ya uzito wa mtoto huonyesha kama ilifika jikoni au haikufika.

6. Yatupasayo

Mwaka 1996, huko Roma, mataifa yalipokutana kuzungumza juu ya chakula, chama cha wakulima wa nchi nyingi kiitwacho La Via Campesina kilitangaza kwamba watu wana haki ya kujiamulia mambo ya chakula chao: walime nini, wale nini, na kwa njia gani. Wakristo Wakatoliki hatukuona jambo geni. Tangu mwaka 1961 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra, alikwisha kufundisha kwamba wenye kuinua maisha ya wakulima wawe kwanza wakulima wenyewe. Lakini haki bila maarifa ni kama jembe bila mpini.

Basi twaleta mashauri machache, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mwuguzi na wajumbe wa afya wa kijiji, wale tunaowaita RECO, waombwe kurudisha hesabu kijijini kila miezi mitatu, mbele ya chefu, wakulima, na mama wa kila shirika la kikristo. Isomwe idadi tu. Jina la mtoto lisisomwe kamwe. Mama akiaibishwa mbele ya watu, mara ya pili atamficha mtoto, na kosa litakuwa letu.

Pili, hesabu iwekwe karibu na majira ya kilimo. Je, waliokonda huzidi katika miezi ya mvua kabla ya mavuno? Basi upungufu ni wa ghala, na shauri ni kupanda mapema na kuhifadhi vizuri. Je, huzidi hata baada ya mavuno? Basi tuulize kama mahindi yote yaliuzwa, au kama mtoto hula mara mbili tu kama kule Iringa. Je, huzidi baada ya surua au kuhara? Hapo chanzo huenda kikawa ni chanjo na maji, wala si shamba. Kila kukonda si njaa ya ghala.

Tatu, wazee na bibi waulizwe. Nani akumbuka ulezi? Nani ajua kuloweka muhogo siku zake zote, na kwa nini siku hizo zisipunguzwe? Mwuguzi aandike majibu yao karibu na hesabu yake, kwani yote mawili ni maarifa.

Nne, mgeni yeyote mwenye wema akija na msaada, aonyeshwe daftari hilo na shauri la kijiji lililoandikwa. Hapo hatatuuliza tu tuna wenye njaa wangapi. Atajua pia tunalima nini, tumepungukiwa na nini, na tumekusudia kufanya nini.

Wengine watataja Mfalme Daudi aliyewahesabu watu, Mungu akachukizwa. Ni kweli, Daudi alihesabu wenye panga, ajisifie nguvu zake. Lakini tumkumbuke Yosefu huko Misri, aliyepima nafaka ya miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa, akaokoa watu wengi. Kuhesabu si dhambi. Jambo ni kusudi la mwenye kuhesabu.

Tena tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Alipoona makutano wana njaa nyikani, mitume walifikiri habari za kwenda kununua mikate mahali pengine. Yeye aliwatuma kwanza wakaangalie mikate iliyopo ni mingapi. Wakaenda, wakahesabu, wakaleta jibu: mitano, na samaki wawili. Chakula hicho hakikutoka mbali, kilikuwa mikononi mwa watu walewale. Ndicho alichokibariki. Kisha mabaki yalikusanywa, nayo yakahesabiwa, vikapu kumi na viwili.

Sisi hatuna uwezo wa kuzidisha mikate. Lakini kwenda kuangalia tuna mingapi, hilo tumeagizwa, nalo twaliweza. Tuanze na daftari la mwezi huu.